Uzi maalumu: Taasisi za Confucius na fedha za serikali ya Marekani kwa vyuo vikuu

KaraniWaRuzuku

Wakuu, salaam. Kila akitokea mtu humu kuulizia habari za kusoma Marekani, haipiti kurasa mbili mwingine anaandika kuwa "Taasisi za Confucius zimepigwa marufuku kule". Hakuna sheria ya Kongresi inayokikataza chuo kuwa na taasisi hiyo. Kilichofanyika ni kufunga mabomba ya fedha moja baada ya jingine, kisha chuo kikaachiwa kichague. Naweka mpangilio wake hapa ili ukiulizwa tena umtumie mtu kiungo tu.

Kwanza ujue kitu chenyewe. Taasisi hizi za China za kufundisha lugha na utamaduni wake zilianza 2004, ya kwanza ikiwa Seoul. Nairobi walipata yao 2005, ya kwanza Afrika. Kila moja ina pande tatu: chuo mwenyeji, chuo mwenza cha China, na Hanban, ofisi ya Beijing iliyokuwa ikisimamia ufundishaji wa Kichina nje ya nchi. Kwa vyuo vya Marekani Hanban ilitoa kianzio cha dola 100,000 hadi 200,000, vitabu kama 3,000, na walimu wanaolipwa mshahara na China. Chuo kilitoa ofisi, madarasa na mkurugenzi wa upande wake. Kwa chuo kidogo kisichoweza kuajiri hata mwalimu mmoja wa Kichina, hapo ni kuokota dodo chini ya mnazi.

Sasa sheria.

Ya kwanza ni sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019, iliyosainiwa 13 Agosti 2018. Kifungu cha 1091 kiligusa eneo jembamba: fedha za Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, za kufundishia Kichina, hasa programu ya Language Flagship. Chuo chenye Taasisi ya Confucius kingezipata kwa ruhusa maalumu tu. Vyuo 13 viliomba ruhusa hiyo na vyote 13 vikanyimwa. Oregon, Indiana na Minnesota ni miongoni mwa vilivyofunga taasisi zao kipindi hicho.

Ya pili ndiyo iliyovunja mgongo. Kifungu cha 1062 cha sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2021, iliyopita 1 Januari 2021 baada ya Kongresi kupindua kura ya turufu ya Trump. Hapa si hela ya kufundishia Kichina tena. Ni fedha zote za Pentagon kwa chuo mwenyeji, isipokuwa zile anazopewa mwanafunzi moja kwa moja kama msaada wa masomo. Vyuo vilipewa miezi 24 ya kujipanga, na makali yake yakaanza na mwaka wa fedha uliofuata baada ya hapo, wa Oktoba 2023.

Ya tatu ni sheria ya CHIPS na Sayansi ya 9 Agosti 2022. Hii ilileta zuio kama hilo kwenye fedha za NSF, Mfuko wa Taifa wa Sayansi.

Matokeo yake, mwaka 2019 zilikuwepo taasisi kama 100 katika vyuo vya Marekani. Kufikia ripoti ya Oktoba 2023 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, zimebaki chini ya 5.

MtoPangani

Somo zuri mkuu. Swali dogo: kama China ilikuwa inalipa walimu na vitabu, na chuo kinapenda, mbona wameachia kirahisi hivyo? Chuo hakina msimamo?

BiHesabu

@MtoPangani msimamo unapimwa kwa leja. Piga hesabu nawe.

Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti, kwenye ripoti yake ya Februari 2019, ilisema China imetoa zaidi ya dola milioni 158 kwa taasisi za Marekani tangu 2006. Zigawe kwa taasisi 100 hivi, kisha kwa miaka 13. Unapata kama dola 120,000 kwa taasisi kwa mwaka. Ni makadirio ya vidole, maana nyingine zilianza baadaye, ila ukubwa wa kitu unauona.

Upande wa pili mchukue Alfred University, chuo kidogo cha jimbo la New York kinachosifika kwa uhandisi wa vioo na kauri. Kilikuwa na Taasisi ya Confucius, na papo hapo kina fedha za Pentagon zipatazo dola milioni 13.5 za utafiti unaohusiana na silaha za kasi kubwa kuliko sauti. Mwaka 2023 kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia China, chini ya Mike Gallagher, ilikiandikia barua. Taasisi ikafungwa mwaka huohuo. Ruzuku moja ni zaidi ya mara 100 ya kile ambacho taasisi ya kawaida ilipata kwa mwaka. Hapo hakuna hata kikao kirefu.

Halafu kuna kitu wengi humu hawakijui. Ruzuku ya utafiti haiji na gharama za maabara tu. Juu yake chuo kinakata asilimia ya gharama za uendeshaji, ambayo kwa vyuo vikubwa vya utafiti mara nyingi huzidi 50 kwa 100 ya gharama za moja kwa moja. Hiyo ndiyo inalipa umeme, majengo, makarani wa fedha. Ukipoteza ruzuku ya Pentagon, hata idara ya historia inaweza kuhisi.

Nyundo_ya_Ukweli

Mnazunguka tu. Huu ni unafiki wa beberu. British Council wapo, Alliance Française wapo, Goethe wapo, hakuna anayewagusa. Mchina akifundisha "ni hao" (salamu ya Kichina) mnasema jasusi.

MsomaVifungu

@Nyundo_ya_Ukweli nusu ya hoja yako nakubaliana nayo, nusu hapana.

Nusu ninayoikubali: suala la ujasusi halikuthibitishwa hadharani. Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipewa kazi na Pentagon yenyewe ya kupendekeza vigezo vya ruhusa maalumu. Ripoti yao ya Januari 2023 inasema kamati haikufahamu ushahidi wowote usio wa siri unaozihusisha taasisi hizi na ujasusi au wizi wa ubunifu. Anayeandika humu kuwa "walikamatwa wanaiba siri" alete chanzo.

Nusu nyingine ni mahali taasisi inapokaa. Goethe ana jengo lake mtaani na mlango wake. Taasisi ya Confucius iko ndani ya chuo, inatumia jina la chuo, mkurugenzi mmoja ni mwajiriwa wa chuo na mwenzake katoka China. Ugomvi ulianzia hapo, na walioanza kulalamika hawakuwa Pentagon bali wahadhiri. Chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, kilitoa tamko Juni 2014 kikivitaka vyuo vivunje mikataba au viijadili upya. Chicago wakasitisha Septemba mwaka huo, Penn State wakafuata Oktoba. Sheria yoyote ya fedha ilikuwa bado miaka minne mbele.

Na Julai 2014 ndipo kilipotokea kisa cha Braga, Ureno, kwenye mkutano wa chama cha Ulaya cha masomo ya China. Mkuu wa Hanban, Xu Lin, alifika akakuta kitabu cha ratiba kina ukurasa unaoutaja mfuko wa Chiang Ching-kuo wa Taiwan, kisiwa ambacho Beijing inadai ni chake, kama mfadhili mwenza. Watu wake wakavichukua vitabu na kuvichana kurasa kabla ya wajumbe wengi kupewa. Kama ulikuwa unatafuta namna ya kuwapa hoja wapinzani wako, huwezi kupata bora kuliko hiyo.

Ila unafiki upo wa pande zote. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo iliwahi kufadhili vituo vya utamaduni wa Marekani ndani ya vyuo vya China, navyo vikawekewa vikwazo na Beijing hadi Wizara hiyo ikaacha kuvifadhili. Ripoti ileile ya Seneti inaeleza hilo.

KaraniWaRuzuku

Tukiwa hapohapo kwenye mikataba: GAO walisoma mikataba 90 mwaka 2019. Katika 42 kulikuwa na maneno yanayoufanya mkataba uwe siri. Chuo cha umma, kinachoendeshwa kwa kodi, kinasaini hati isiyoruhusiwa kuonyeshwa kwa walipa kodi. Na katiba ya Hanban ilitaka shughuli za taasisi zisikiuke sheria za China, na hapo hapo zifuate za nchi mwenyeji. Mwanasheria yeyote wa chuo akiona mistari hiyo miwili katika aya moja anapaswa kuweka kalamu chini.

Kipepeo254

Wadau, niulize kitu cha kiufundi. Nimesoma kwamba Hanban ilibadilishwa jina 2020 na taasisi zikahamishiwa kwa mfuko mwingine. Je, chuo hakiwezi kubadilisha jina la taasisi, kiite "Kituo cha Lugha na Utamaduni", mambo yaishe?

MsomaVifungu

Swali hili ndilo tamu kuliko yote, ngoja nilijibu taratibu.

Kweli, Julai 2020 Hanban ilivunjwa vipande viwili. Kazi za serikali zikabaki kwa kituo cha lugha chini ya Wizara ya Elimu ya China, na jina la Confucius likapewa mfuko unaojiita wa kiraia, Mfuko wa China wa Elimu ya Kimataifa.

Sasa tazama jinsi sheria zilivyokitafsiri kitu hichohicho. Kifungu cha 1091 cha 2018 kilisema Taasisi ya Confucius ni ile inayoendeshwa na Hanban. Basi. Ukibadilisha mwendeshaji, tafsiri inabaki inaning'inia. Waandishi wa kifungu cha 1062 hawakulirudia kosa hilo. Wao wanasema ni taasisi ya utamaduni inayofadhiliwa moja kwa moja au kwa njia nyingine na serikali ya China. Jina halimo. Hanban haimo. Neno la hatari ni "kwa njia nyingine". Hela ikitoka kwa mfuko wa kiraia, au kwa chuo mwenza cha China ambacho chenyewe ni cha serikali, bado mkaguzi anaweza kuifuata hadi kwenye chemchemi.

Ile ya CHIPS ya 2022 ina tafsiri ya aina ya tatu: taasisi ya utamaduni iliyoundwa kwa ubia kati ya chuo cha Marekani na chuo cha China, kwa ajili ya kufundisha lugha na utamaduni, inayofadhiliwa moja kwa moja au vinginevyo na serikali ya China.

Kwa hiyo kubadilisha kibao hakusaidii. Vipo vyuo vilivyofunga taasisi na kuendelea na chuo kilekile cha China kwa mkataba mwingine. Hilo si kosa lenyewe, mradi kinachobaki kisiwe tena taasisi ya utamaduni yenye mkono wa fedha za Beijing. Kubadilishana wanafunzi, digrii za pamoja, ziara za maprofesa: 1062 haigusi.

Kuhusu ruhusa maalumu, CHIPS inataja mambo ambayo mkataba lazima uyaseme waziwazi: kulinda uhuru wa kitaaluma, sheria ya nchi ya kigeni isitumike ndani ya kampasi, chuo kiwe na mamlaka kamili juu ya kinachofundishwa, shughuli, ruzuku za utafiti na nani anaajiriwa, na taasisi isikae sehemu moja na idara ya chuo ya lugha na historia ya China, wala isitumie vipeperushi vya pamoja. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, maana faida yote ya taasisi ilikuwa kukaa korido moja na idara.

MtoPangani

Na kufunga kwenyewe kunaendaje? Maana naona watu wanaandika "wamefunga" kana kwamba ni duka.

BiHesabu

Anza na tarehe. Mfano wa mkataba wa Hanban uliweka muda wa miaka 5, na anayetaka kujitoa katikati alipaswa kutoa taarifa ya maandishi miezi 6 kabla. Chuo kilichosubiri hadi Julai 2023 ndipo kiandike barua kingejikuta Oktoba imefika, kisheria bado ni mwenyeji, na ofisa wa ruzuku wa Pentagon anauliza.

Cha pili ni salio. Fedha ambayo haijatumika ni ya nani? Soma mkataba wako, haifanani kila mahali. Itenge akaunti yake mapema. Ikichanganyika na mfuko wa idara, baadaye huwezi kuonyesha kuwa ufadhili umekoma, na neno lile "kwa njia nyingine" linakurudia. Vitabu navyo viandikwe: vimekabidhiwa kwa nani, tarehe gani, kwa barua ipi.

Cha tatu ni walimu. Wengi waliingia kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana. Programu ikiisha wana siku 30 za kufungasha. Ukifunga katikati ya muhula, darasa linabaki bila mwalimu na huna bajeti ya kuajiri mwingine. Waliofunga vizuri walipanga iishie mwisho wa mwaka wa masomo, na kabla ya hapo wakatafuta fedha za mwalimu wa Kichina wa chuo chenyewe. Hapo ndipo gharama halisi inapojitokeza, kwa sababu mshahara uliokuwa ukilipwa na Beijing sasa unatoka mfukoni mwako.

Tena J-1 ilishawaponza zamani. Mwaka 2012 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa agizo kwamba mtu aliyeingia kama mhadhiri au mtafiti wa chuo haruhusiwi kufundisha shule za msingi na sekondari. Vyuo vingi vilikuwa vinawatuma walimu hao kwenye shule za mtaani bila kujua viza haisemi hivyo.

KaraniWaRuzuku

Niongeze makaratasi ya taarifa, kwa sababu huku ndiko vyuo vilikoumbuka zaidi.

Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965 ina kifungu cha 117, kilichoingizwa 1986. Chuo kikipokea zawadi au mkataba wa dola 250,000 au zaidi kutoka chanzo kimoja cha nje ndani ya mwaka wa kalenda, peke yake au kwa kujumlisha, lazima kiripoti Wizara ya Elimu. Ripoti ni mara mbili kwa mwaka, 31 Januari na 31 Julai. Seneti iligundua kuwa karibu 70 kwa 100 ya vyuo vilivyopokea zaidi ya kiwango hicho kutoka Hanban havikuripoti ipasavyo.

Sababu mara nyingi ni uzembe wa kujumlisha. Idara ya lugha imepokea 140,000, kitivo cha biashara 90,000 kwa warsha, ofisi ya kimataifa 40,000 kwa safari. Kila mmoja anaona yuko chini ya kiwango. Chanzo ni kimoja, jumla ni 270,000, na hakuna ofisi inayoziona zote tatu kwa pamoja.

CHIPS imeongeza kiwango chake kwa wanaopokea fedha za NSF: kila mwaka unaripoti msaada wa dola 50,000 au zaidi unaotoka China, Urusi, Iran au Korea Kaskazini. Na 23 Aprili 2025 Trump alisaini amri ya rais ya kukaza utekelezaji wa kifungu cha 117. Kwa hiyo hata chuo kilichofunga taasisi yake miaka mitano nyuma bado kinaweza kuulizwa hesabu za wakati ule.

Mwl_Kihesa

Sasa tulete nyumbani. UDSM, UDOM, Nairobi, Kenyatta, Makerere, wote wana Taasisi za Confucius. Mradi wa pamoja na chuo cha Marekani unaharibika?

MsomaVifungu

Kwa maandishi ya sheria ya CHIPS, ile ya fedha za NSF, taasisi inayohusika ni ubia kati ya chuo cha Marekani na cha China. Ya UDSM ni ubia kati ya UDSM na Zhejiang Normal University. Hiyo haimfanyi mshirika wako wa Marekani kuwa mwenyeji wa chochote.

Ila mambo mawili. Fedha ikitoka Pentagon moja kwa moja kwenda chuo cha huku chenye taasisi, usijibu kwa kubahatisha. Mwandikie ofisa wa ruzuku, umtajie kifungu cha 1062, upate jibu kwa maandishi kabla ya kusaini.

La pili ni fomu za mtu binafsi, na hizi zinawanasa wahadhiri wetu. Ukiingizwa kama mtafiti mwandamizi kwenye ombi la NSF, unajaza wasifu na fomu ya misaada uliyonayo na unayoitarajia, kupitia mfumo wa SciENcv. Inataka kila kitu: ruzuku, cheo cha heshima katika chuo cha nje, hata msaada usio wa fedha kama maabara au msaidizi anayelipwa na mwingine. Ukiwa na mradi wa China, uandike. Kwa kawaida hautakunyima nafasi kwa kuwepo kwake tu. Usipoutaja kisha ukaonekana kwenye shukrani za makala yako, hapo ndipo balaa. Pia unathibitisha kuwa hauko kwenye programu hatarishi ya kigeni ya kuvuna vipaji, yaani mpango wa nchi ya nje wa kuwavuta watafiti. Soma tafsiri ya hizo programu kabla ya kuweka tiki.

Kipepeo254

Na mwanafunzi wa uzamivu aliyepata nafasi huko? 1062 imesema msaada wa moja kwa moja kwa mwanafunzi hauguswi, kwa hiyo yuko salama?

BiHesabu

Hapo ndipo wengi wanajidanganya. Ufadhili alioandikiwa mwanafunzi mwenyewe hauguswi. Lakini wanafunzi wengi wa uzamivu wa sayansi hulipwa kama wasaidizi wa utafiti kutoka ruzuku ya profesa, na hiyo ni fedha ya chuo. Ikizuiwa, nafasi inakwenda nayo.

Kwa sasa taasisi zilizobaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hivyo uwezekano ni mdogo. Bado, barua ya udahili ikija, muulize profesa mambo matatu: nalipwa kutoka ruzuku gani, namba yake ni ipi, inaisha lini. Namba hiyo unaitafuta kwenye tovuti ya USAspending, iko wazi kwa umma, inaonyesha wakala anayetoa, kiasi na tarehe ya mwisho. Programu ya miaka 5 kwenye ruzuku iliyobakiza miezi 14 inahitaji swali la nne.